Kadi ya sauti ya chumba cha Kampemba

Safu ya Jumamosi
Na Mwamba Kisimba

Kijana wa kaka yangu alifika nyumbani Bel-Air Jumapili jioni, gitaa mgongoni, karatasi mkononi. Alikuwa ameorodhesha kadi tatu za sauti, na mbele ya kila jina ameandika tarakimu: 16 kwa 48, 24 kwa 96, 24 kwa 192. "Baba mdogo," akaniambia, "pesa ninayo ya moja tu. Si nichukue hii ya 192?" Nikamuuliza: umeme ukikatika saa mbili usiku, hiyo kadi itapata wapi moto? Akaitazama karatasi. Haikusema kitu.

Naandika kwa ajili yake na kwa vijana wote wa Kampemba, hapa Lubumbashi, wanaogeuza chumba cha kulala kuwa studio, godoro limesimamishwa ukutani, laptopu juu ya meza ya kulia. Mara nyingi kadi ya sauti, au carte son kama tunavyozoea kuiita, ndiyo kifaa cha kwanza wanachokinunua kwa pesa ya jasho, na wengi wanakichagua kwa tarakimu za kwenye boksi. Mimi nasema tuanze na umeme wetu, tufuate gitaa letu, kisha sikio la mwimbaji. Tarakimu zije mwisho.

Delestaje, huku kukatiwa umeme kwa zamu, sina haja ya kuieleza kwa mtu wa Lubumbashi. Miaka michache iliyopita nilinunua kadi kubwa yenye matundu manane ya maikrofoni, nikajiona nimefika. Ilikuwa na adapta yake ya ukutani. Tukamwalika mzee mmoja wa kwaya, mtu anayezijua nyimbo ambazo wenzake waliozijua wameshazikwa. Kwenye ubeti wa tatu umeme ukaondoka. Laptopu iliendelea kuwaka kwa betri yake, lakini kadi ilizimika na programu ikaganda palepale. Mzee hakujua. Aliimba gizani hadi mwisho, polepole, kwa sauti ambayo sijaisikia tena, na hakuna hata neno moja lililoingia kwenye mashine. Tulipomwomba arudie, kifua kilikuwa kimechoka. Ile kadi niliiuza wiki iliyofuata.

Kadi inayofaa hapa ni ile inayokula kwenye tundu la USB la laptopu yenyewe. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati mbili na nusu, na hizo zinatosha kadi nyingi ndogo za matundu mawili. Hata zile volti 48 zinazodaiwa na maikrofoni za kondensa, kadi huzitengeneza ndani yake kutokana na hizo hizo 5. Umeme ukikatika, unaendelea kurekodi. Tena ndio wakati mzuri, ikiwa jirani hajawasha jenereta.

Jambo jingine la umeme linawafanya watu warudishe kadi nzima dukani. Unavaa hedifoni, unasikia mvumo mzito usiokoma. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na nyumba isiyo na waya wa ardhini huupitisha mvumo huo kwenye chaja hadi kwenye sauti yako. Chomoa chaja, usikilize tena kwa betri. Mvumo ukinyamaza, kadi ni nzima.

Sasa gitaa. Sisi wa Katanga hatuwezi kulizungumzia kama kifaa cha pembeni. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, ambayo leo ni Likasi, umbali wa kilomita kama 120 kutoka hapa, akamrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco. Tracey alitoka Afrika Kusini na mashine zake. Mwenda alikuwa na gitaa moja na vidole viwili: gumba likitembeza besi, kidole cha shahada kikiimba juu yake, hadi ukadhani wapigaji ni wawili. Mkusanyiko wa Tracey umehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, na leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, Afrika Kusini. Namshukuru kwa kuhifadhi. Lakini inaniuma kwamba sauti ya Likasi ilihitaji mgeni mwenye mashine ili iishi, na leo mashine inaingia kwenye mfuko wa koti.

Kwa hiyo angalia tundu. Gitaa la umeme likichomekwa kwenye tundu la kawaida la laini, ambalo lina omu kama 10,000 tu, hulemewa, na sauti zake za juu hufifia. Linataka tundu lake maalumu, lenye omu karibu milioni moja, ambalo kwenye kadi nyingi limechorwa alama ya gitaa au lina kitufe kilichoandikwa INST. Nilimfanyia yule kijana jaribio hapo hapo sebuleni, kwa kadi ninayoitumia sasa: wimbo ule ule, mkono ule ule, kwanza kitufe kikiwa hakijabonyezwa, kisha kimebonyezwa. Mara ya kwanza gumba lilisikika, kidole cha shahada kilikuwa kama kimefunikwa blanketi. Mara ya pili uzi mwembamba uliruka mbele kabisa. Hakusema kitu. Alirudia mara tatu peke yake.

Mwimbaji naye ana shida yake: kujisikia akiwa amechelewa. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Inajaza kapu kwanza, ndipo inalibeba. Ukirekodi vipande 44,100 kwa sekunde, kapu la vipande 512 linachukua karibu milisekunde 12 kujaa, na safari ya kwenda na kurudi inafika 23. Kwa muda huo sauti hewani husafiri karibu mita nane. Mwimbie mtu sauti yake kutoka upande wa pili wa ua, uone kama atashika mapigo. Kapu la 128 linajaa kwa milisekunde 3 hivi, na hapo mwili hausumbuki. Kwa mwenye Windows, kadi iwe na draiva yake ya ASIO, mfumo ambao kampuni ya Steinberg iliuleta mwaka 1997 kwa ajili ya tatizo hili hasa. Kadi iwe pia na kitufe cha kujisikia moja kwa moja, sauti itoke kwenye maikrofoni iende kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta. Kitufe hicho kidogo kitakusaidia zaidi kuliko 192 zote za kwenye boksi.

Kuhusu hizo tarakimu, ya kwanza ni biti, ya pili ni maelfu ya vipande kwa sekunde. Biti 24 zina faida ya kweli: unarekodi kwa sauti ya chini, mwimbaji akipandisha ghafla haipasuki, na ukiikuza baadaye huleti makelele. Lakini 192? Dakika moja ya sauti moja kwa biti 24 inakula megabaiti 8 hivi ukiwa kwenye 44.1, na karibu 35 ukiwa kwenye 192. Diski inajaa, laptopu ya mtumba inahema, na mvua ya Januari ikipiga bati inaingia vilevile, safi zaidi.

Kadi ya V8, ile ya kuunganisha simu, yenye vitufe vya kicheko na makofi, sikushauri kwa muziki. Imetengenezwa kwa wanaotangaza mubashara; inachanganya kila kitu pamoja na mwangwi wake, na kilichochanganywa hukitenganishi tena. Mwenye pesa kidogo achukue kama Behringer UM2: ni ya biti 16, lakini ina tundu la gitaa, ina volti 48, inakula USB. Mwenye zaidi kidogo achukue aina ya Focusrite Scarlett Solo, maikrofoni moja na gitaa moja, biti 24, draiva yake mwenyewe. Matundu manane waachie wenye ngoma na chumba cha kuziweka. Sisi tutaimba sauti ya kwanza, tutarudi kuimba ya pili.

Bidhaa hizi nyingi hutufikia kwa barabara ya mpakani Kasumbalesa, na kurudisha kadi iliyoharibika ni safari ambayo mwanamuziki hawezi kuilipia. Ndiyo maana nawaomba ninyi wenye maduka ya vyombo vya muziki mjini: toeni kadi moja kwenye boksi, iunganisheni na laptopu inayotumia betri, wekeni hedifoni pembeni. Kijana akija na gitaa lake, mpeni dakika kumi apige kabla hajafungua pochi.