Waacheni Wachumba Watazame Kamera

Siku hizi wachumba wakitoka Lodwar kwenda kupigwa picha Ghuba ya Ferguson, Ziwa Turkana, agizo la kwanza wanalopewa ni hili: msiangalie kamera. Tembeeni kandokando ya maji, shikaneni mikono, chekeni kana kwamba hakuna mtu. Imani imeenea kwamba picha halisi ni ya kushtukiza, na kwamba pozi ni uongo wa studio za zamani. Naikataa.

Hakuna aliyeshtukizwa hapo. Wachumba wamesafiri hadi Kalokol, kando ya ghuba hiyo, wamebadili nguo garini, wamerudishwa walikotoka ili wacheke upya kicheko kilekile. Hilo nalo ni pozi, ila linajificha, na kujificha huko ndiko uongo wenyewe. Msichana aliyeketi, akanyoosha mgongo na kuikazia lenzi macho hajamficha mtu kitu. Anasema: hivi ndivyo ninavyotaka kuonekana mwaka niliochumbiwa.

Mombasa walilijua hili zamani. Katika studio ya N. V. Parekh, katikati ya karne iliyopita, wapenzi walipangwa, wakawekewa taa, wakaelekezwa kidevu na mabega, na nyuso zile zinakutazama hadi leo. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni walipamba vibanda vyao kwa meli na ndege za kuchora. Nani alidanganywa? Kila mteja alijua ndege ile ni rangi tu. Ukweli ulikuwa katika hamu ya aliyesimama mbele yake.

Tena kwa Waturkana uchumba si wa watu wawili. Posa hujadiliwa na wazee, na mahari ya ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo huchangiwa na jamaa na marafiki. Ukiwatenga wawili ufukweni ukaiita hiyo hali yao halisi, umewafuta waliowafikisha hapo. Mwite mama wa msichana akae katikati na shanga zake mwenyewe, si za kukodi. Mwite na mjomba. Hutahitaji kuwafundisha kusimama.

Kakuma jambo hili ni zito zaidi. Kambi hiyo ya wakimbizi ipo tangu 1992, na wanaochumbiana pale wana ndugu Juba, Mogadishu au Australia ambao hawataiona sherehe. Bibi aliye mbali akifungua simu anataka kuuona uso wa anayemchukua mjukuu wake: macho, paji la uso, hata kovu. Mnampelekea migongo miwili inayoelekea machweo?

Na hayo machweo! Kalokol iko upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Jua huchomoza ziwani na kuzama nyuma yako, nchi kavu. Anayetaka lizame majini avuke kwa mashua hadi ulimi wa mchanga wa Longech. Mpiga picha anayeng'ang'ania machweo pale Kalokol kwa kuwa ameyaona mtandaoni hajapatazama mahali aliposimama. Anauita huo ubunifu, nami nauona ni uvivu.

Ubunifu pale unaanza alfajiri. Wageuze wachumba walielekee ziwa wakati jua bado liko chini na halijawa kali, mwanga uwaingie machoni. Nyuma yao zibaki nyumba za majani ya mikoma na vichanja vya kukaushia samaki. Au wasimamishe mbele ya kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa fedha za Norway na kusimama kazi miaka ya 1980 kikiwa bado kipya. Ni sehemu kubwa zaidi ya historia ya watoto wa pwani hiyo kuliko mchanga mtupu. Upepo wa kusini-mashariki utakuwa mkali saa hizo, utavuruga nywele na kupeperusha shuka. Usiwahamishe kwa sababu hiyo. Kama bwana harusi mtarajiwa ni mvuvi, ashike wavu wake. Kisha mwambie atazame huku, asicheke kama hana la kumchekesha, na umngoje mpaka awe tayari.