Maji ya Bwawa na Zaka ya Mpunga

Wakulima wa Cheju na Kilombero huku Unguja, na wa Makwararani na Mlemele kule Pemba, walizoea kutazama mawingu. Sasa wanatazama mitaro. Kwa mkopo wa Korea Kusini, Serikali imekuwa ikijenga mabwawa ya kukinga maji ya mvua, visima na mitaro ya kuyafikisha maji mabondeni. Alhamdulillaah, ni kheri kubwa.

Lakini tumeanza kusikia: "Siku hizi tunamwagilia, basi zaka ni nusu." Hapa pana haki ya masikini, tusiharakishe.

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), katika Hadiyth ya Ibn 'Umar aliyoipokea al-Bukhaariy, amebainisha kuwa kinachonyweshwa na mvua na chemchemi kina ushuri, na kinachonyweshwa kwa kuteka kina nusu yake. Kilichopunguza ni taabu ya kuyapandisha maji. Maji yanayoteremka yenyewe kutoka bwawani hayakutekwa, na an-Nawawiy katika Minhaaj ameihesabu mifereji kama mvua. Basi mpunga ukishafika nisabu, katika mapolo 10 toa 1. Mchango wa kusafisha mtaro haubadilishi hukumu.

Ama anayevuta maji ya kisima kwa pampu, akalipa umeme (na bili zake tunazijua), au anayenunua maji, huyo atatoa 1 katika 20. Na aliyenywesha kwa mvua na pampu sawa kwa sawa, robo tatu ya ushuri: mapolo 3 katika 40.

Wa Allaahu a'lam.