TELA LA VIJANA LILINDWE

Vijana wa Mpanda wamechoka kuitwa wavivu. Wapo waliojiunga katika vikundi, wakapata pawatila na tela lake, wakaanza kubeba mahindi, mpunga na mbolea kwa ujira. Twawapongeza. Lakini twauliza: usiku tela hilo hulala wapi, na nani hulala karibu nalo?

Tangu mwaka 2018 sheria yaziagiza halmashauri zote, na zile tano za Mkoa wa Katavi zimo, kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024, na vijana walingoja zaidi ya mwaka mzima. Ndani ya fedha hizo umo ushuru wa mazao ya mkulima wa Nsimbo na wa Mpimbwe. Mwizi akilivuta tela, deni halendi nalo. Hubaki kwa kikundi, na kijana aliyekuwa akingoja zamu yake ya kukopa hukosa.

Kinachomfungulia mwizi njia ni usemi huu: "Ni mali ya kikundi." Kila mmoja humtegemea mwenzake, na tela hulala peke yake. Basi yafaa kila usiku uwe na jina la mtu katika daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la kikundi lichongwe katika chuma chenyewe, maana rangi hukwanguliwa upesi. Tela lifungwe kwa mnyororo kwenye mti, gurudumu moja livuliwe na kuwekwa ndani, wala pampu na majembe yasiachwe juu yake. Alama zake zijulikane kwa Mwenyekiti wa Mtaa na Polisi kabla ya wizi.

Nao wanunuzi wa chuma chakavu twawaambia wazi: pasipo mnunuzi mwizi hana soko, na sheria humwadhibu pia apokeaye mali ya wizi hali akijua. Mwizi akikamatwa apelekwe Polisi, asipigwe. Damu ya mtu hailipi deni la kikundi.

Vijana wa Mpanda, zamu ya leo usiku ni ya nani? Jina liandikwe kabla jua halijatua.