Mwuguzi Mwanafunzi Naye Alale



Mpwa wangu anajifunza uuguzi katika hospitali moja; jina sitalitaja. Usiku kucha yuko zamu wodini, na saa mbili asubuhi yumo darasani akinakili maneno ya ubaoni. Akisinzia huambiwa ni mvivu.

Mimi nasema huo si uvivu. Wataalamu wa ubongo wameona ya kuwa mambo tuliyojifunza, ubongo huyapanga na kuyakaza tukiwa usingizini. Anayenyimwa usingizi ni kama behewa lililopakiwa bila kufungwa: mzigo huanguka njiani.

Tena kunakili peke yake hakutoshi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Baada ya juma moja, waliozisoma mara ya pili walikumbuka sehemu 42 katika 100. Waliozisoma, kisha wakafunika karatasi na kuandika waliyoyakumbuka, walipata 56. Sisi wa reli twalijua jambo hili: maana ya ishara hukaa kichwani kwa kuulizwa mara kwa mara, si kwa kusomewa kitabu.

Basi yafaa tudai mambo mawili. Anayetoka zamu ya usiku alale kwanza. Na kila somo lianze kwa maswali ya juma lililopita. Mwuguzi akisahau kipimo cha dawa, atakayeumia ni mtoto wako au wangu. Wauguzi wakilisema jambo hili, chama chetu kisinyamaze.