Kabla hujamchapa huyo "mtundu"

Wadau, kuna neno linatumika ovyo sana huku kwetu: mtundu. Mtoto hakai kitini dakika mbili, mtundu. Anasahau daftari kila siku, anadakia maneno ya wenzake, mtundu huyo, mchapeni! Wengine wanasema ana pepo. Kumbe baadhi ya watoto hawa wana hali inayojulikana kitaalamu kama ADHD, yaani wanapata shida kutulia, kuzingatia jambo na kujizuia kuliko wenzao wa umri huo. Si ukaidi, wala si kwamba mama kashindwa kulea.

Juzi Jumamosi nilikuwa soko la Tengeru kufuatilia bei ya ndizi (habari yenyewe mhariri kaitupa kapuni). Mama mmoja muuzaji alikuwa na kijana wake wa miaka mitano, hashikiki. Akaniambia, "Mwanangu, huyu nimemchapa mpaka mkono umechoka." Nikamwuliza, "Sasa mama, amebadilika?" Akacheka. "Kazidi."

Hilo "kazidi" si la mama huyu peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ukihusu wanafunzi 409 wa darasa la pili hadi la saba hapa Tanzania, ulikuta karibu wote wameshachapwa, nyumbani na shuleni. Na kadiri mtoto alivyochapwa nyumbani, ndivyo vurugu zake zilivyokuwa nyingi. Utasema wanachapwa kwa sababu ni wakorofi. Inawezekana. Lakini kama fimbo ni dawa, mbona mgonjwa haponi?

Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2019, wanasema kwa mtoto wa miaka minne au mitano anza na mafunzo kwa mzazi, kabla ya vidonge. Umeona? Anayekwenda darasani ni mzazi! Kuna tiba moja ya namna hiyo iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg miaka ya 1970. Mzazi anacheza na mtoto chumbani, mtaalamu yuko nyuma ya kioo akimwelekeza kupitia kifaa cha sikioni: msifie kwa kupanga vizuri, rudia alichosema, usimwamrishe kwanza. Baadaye ndipo anafundishwa kutoa amri fupi, inayoeleweka, na kuisimamia bila kupiga. Nyumbani wanacheza hivyo dakika tano kila siku.

Najua, kioo na vifaa vya sikioni tutavitoa wapi. Lakini dakika tano tunazo. Na Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kiko hapo hapo Tengeru! Walimu wanatoka pale kwenda kufundisha mikoani, na mama wa ndizi jirani yao hajawahi kuambiwa lolote zaidi ya "mchape". Halmashauri ya Meru ikae na chuo, itafute ukumbi, mkeka na mwalimu mmoja, iwaite wazazi. Ila msiwaite Jumatano wala Jumamosi. Siku hizo wako gulioni.