Figo zako zinapimwa kwa mizani ya nani?

Umeenda maabara, umetolewa damu, karatasi inasema figo ziko sawa. Unalipa, unadandia matatu, maisha yanaendelea. Lakini hebu tuulizane, hiyo namba ilitoka wapi?

Kwa kawaida maabara haipimi kazi ya figo moja kwa moja. Inapima kriatinini, taka inayotokana na misuli, kisha fomula inakadiria kasi ya figo kuchuja damu. Fomula mbili zilizotumika sana, ya 1999 na ya 2009, zilitungwa Marekani, na zote zilimwongezea mtu mweusi alama: ya kwanza asilimia 21, ya pili takriban 16. Yaani umri mmoja, kriatinini ileile, lakini kwa kuwa wewe ni mweusi, figo zako zinahesabiwa kuwa imara zaidi. Alama hizo za bure ziliwachelewesha Wamarekani weusi kuingia kwenye foleni ya kupandikizwa figo. Zilifutwa huko 2021.

Na sisi je? Swali hilo ndilo alilofuatilia Dkt June Fabian, daktari bingwa wa figo na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Yeye na wenzake wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini hawakutaka makadirio. Waliwadunga watu ioheksoli, kemikali inayotolewa mwilini na figo, wakapima inavyopungua kwenye damu saa baada ya saa.

Matokeo yalichapishwa 2022 katika jarida la Lancet Global Health: fomula za kriatinini zinazipa figo sifa zisizostahili, hata bila ile alama ya rangi. Sababu moja inayotajwa ni kwamba mwenye misuli michache hutoa kriatinini kidogo. Damu inaonekana safi, kumbe figo zimechoka. Maana yake, wagonjwa ni wengi kuliko tulivyodhani.

Hii si hoja ya wasomi tu. Ugonjwa wa figo huja kimyakimya, na anayeambiwa "uko sawa" harudi hospitalini hadi miguu ivimbe. Hapo mazungumzo ni ya mashine ya kusafisha damu na harambee ya familia.

Kwa hivyo, ikiwa una presha, kisukari au mazoea ya kumeza dawa za maumivu kila wiki, usitosheke na namba moja. Muulize daktari ametumia fomula gani, na mkojo wako umepimwa protini? Nazo serikali zetu zigharimie utafiti kama huu. Bila hivyo tutazidi kuvaa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha jirani.