Mwanadamu Hana Bei: Funzo Kutoka Machakos



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Wiki hii, wasomaji wapenzi, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio nguzo za nyumba, tunazungumzia karama ya mwanadamu. Neno karama tumezoea kulitumia kwa maana ya tunu ambayo Mola humtunuku mja wake. Asili yake ni moja na neno mkarimu, na ndiyo asili ya kitenzi kilichomo katika Suratul Israa, aya ya 70, ambamo Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba amewatukuza wanadamu. Aya hiyo inawataja wana wa Adam wote; haikubagua kabila, mali wala dini. Na Mtume wetu aliifasiri kwa vitendo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, jeneza lilipita mbele yake naye akasimama. Alipoambiwa kwamba maiti yule ni Myahudi, aliwauliza masahaba zake kama huyo naye si nafsi.

Wanafalsafa nao wamelizunguka jambo hili kwa njia zao. Immanuel Kant, Mjerumani aliyeandika mwaka 1785, alipambanua baina ya vitu vyenye bei na kilicho na hadhi. Chenye bei chaweza kubadilishwa na kingine cha thamani ileile. Chenye hadhi hakina badali. Mwanadamu, kwa mujibu wa mwanafalsafa huyo, yumo katika fungu la pili, na kwa hiyo si halali kumfanya chombo tu cha kutimizia haja za mwingine. Wanazuoni wetu walikuwa wamekwisha kuhesabu mambo ambayo sheria ya Kiislamu imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali; na baadhi yao wakaongeza la sita, nalo ni heshima ya mtu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 28, imetamka kwamba kila mtu ana utu wa kuzaliwa nao, na ana haki utu huo uheshimiwe na ulindwe.

Maneno hayo ni mazuri, lakini maana yake huonekana wazi zaidi pale utu unapovunjwa. Kwa hiyo natuuelekee Machakos, mji ambao ulikuwa kituo cha utawala kabla Nairobi haijakuwa mji.

Katika miaka ya 1930, wakuu wa serikali ya kikoloni walidai kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno, na kwamba mifugo hiyo ndiyo inayoharibu ardhi. Hawakupenda kukumbuka kwamba Milima ya Mua ilikuwa imekwisha kutwaliwa na walowezi, na kwamba malisho ya Yatta yalikuwa yamewekewa mipaka. Watu walisongamanishwa, kisha wakalaumiwa kwa msongamano. Mwaka 1938 ikatolewa amri ya kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa, wakanadiwa kwa bei duni, na wakati huohuo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimefunguliwa pale Athi River, kikihitaji ng'ombe wa kuchinja.

Mtu wa mbali angeweza kuuliza: ikiwa mwenye ng'ombe alilipwa, dhuluma iko wapi? Hapo ndipo palipo na kiini cha maneno yetu. Kwa Mkamba wa wakati ule, ng'ombe alikuwa akiba ya siku ya njaa, alikuwa mahari ya kijana, alikuwa kiungo baina ya koo na koo. Kumchukua ng'ombe huyo bila ridhaa ya mwenyewe, na kumtupia mwenyewe shilingi chache, ni kumwambia kwamba rai yake haina uzito, na kwamba maisha yake yapangwa na wengine. Bei ililipwa kwa ng'ombe. Hadhi ya mtu haikulipiwa kitu, wala isingewezekana kulipiwa.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo, Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association waliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto kutoka Machakos hadi Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 60. Walitaka kusema na Gavana Brooke-Popham uso kwa uso. Wakapiga kambi Kariokor, mtaa ambao jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na wakakaa hapo kwa wiki kadhaa. Hawakubeba silaha. Akina mama walikuwa pamoja nao, na watoto wao. Serikali iliingiwa na wasiwasi, kwani Wakamba wengi walikuwa askari katika jeshi na polisi yake. Hatimaye Gavana alilazimika kuwasikiliza, na kabla mwaka haujakwisha, amri ya kupunguza mifugo kwa nguvu iliachwa.

Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa na kuhamishwa. Alipelekwa wapi? Alipelekwa Lamu, kisiwa chetu. Leo jina lake limo katika barabara ya Nairobi inayopita mbele ya soko kuu la jiji, si mbali na Msikiti wa Jamia. Huenda wengi wetu tumeikanyaga barabara hiyo tukitoka kuswali, bila kujua kwamba mwenye jina aliwahi kuwa mfungwa wa ugenini katika mwambao wetu.

Kisa hiki kina sehemu ya pili ambayo aghalabu husahauliwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali iliwalazimisha watu wa Machakos kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mzigo mkubwa wa kazi hiyo ulibebwa na wanawake. Kazi ilichukiwa kwa sababu ilikuwa ya shuruti, na uhuru ulipokaribia matuta mengi yaliachwa yakabomoka. Lakini baadaye wakulima walewale waliyachimba upya kwa hiari yao. Wanawake walijikusanya katika vikundi vya mwethya, wakisaidiana shamba kwa shamba, wakichagua wenyewe aina ya matuta inayowafaa. Mojawapo ni ile inayoitwa fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko. Jina hilo la Kiswahili sasa hutumiwa na wataalamu wa kilimo katika nchi nyingi. Watafiti walioandika habari za wilaya hiyo mwaka 1994 waliona jambo la ajabu: tangu miaka ya 1930 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na ardhi ilikuwa katika hali bora kuliko zamani. Jembe lilikuwa lilelile na mteremko uleule. Kilichobadilika ni kwamba mwenye shamba alikuwa amerudishiwa uamuzi wake.

Sasa natutazame ndani ya milango yetu.

Katika nyumba nyingi za Pwani, binti anayetufulia, anayetupikia na kutulelea watoto ametoka bara, na si mara chache ametoka Ukambani. Twamwitaje? Wako bado wanaomwita kijakazi. Sheria ya utumwa ilifutwa katika mwambao huu mwaka 1907, lakini neno lingali midomoni, na neno huvuta tabia nyuma yake. Anakula nini, na anakula baada ya nani? Analala wapi? Akiugua, nani humpeleka hospitali? Je, kitambulisho chake kimo mkobani mwake, au kimefungiwa kabatini mwa bibi mwenye nyumba?

Tunawalilia binti zetu waliokwenda Ghuba, ambao chini ya mfumo wa kafala hunyang'anywa pasi zao, wakafanyishwa kazi usiku na mchana, na wengine wakarudi wakiwa maiti. Kilio hicho ni cha haki. Lakini dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu, na dua hiyo yaweza kupanda kutoka jikoni kwetu kama inavyopanda kutoka jikoni la mbali. Hatuwezi kudai kwa wengine utu ambao sisi wenyewe twaunyima.

Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba wanaotuhudumia ni ndugu zetu, tuwalishe katika tunachokula, tuwavishe katika tunachovaa, tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha basi tuwasaidie. Anas bin Malik alimtumikia kwa miaka kumi, na akashuhudia kwamba hakuwahi kumwambia hata neno la kuonyesha kuudhika. Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka. Mfanyakazi wa nyumbani naye ni mfanyakazi.

Basi, mama yangu na dada yangu, anza na mambo madogo yaliyo katika uwezo wako. Mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mlipe kwa siku mliyoahidiana, wala usingoje jasho likauke. Mpe siku yake, na usimuulize aendako kama vile ni mali yako. Panapotokea kosa, mrekebishe faraghani, usimfedheheshe mbele ya wageni na watoto. Na watoto wenyewe wafundishwe kusema tafadhali na ahsante kwake kama wanavyosema kwa shangazi yao, kwani mtoto aliyezoea kumwamuru mtu mzima kwa ukali hujifunza mapema kwamba watu wana bei mbalimbali. Nanyi akina baba, jambo hili si la jikoni peke yake. Nyinyi ni wachunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wahenga walisema mtu ni utu. Wakamba waliokaa Kariokor mwaka 1938 walilala nje wakiudai utu huo mbele ya serikali. Mjukuu wao aliye chini ya dari yetu asilazimike kuudai kwetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowatukuza wale aliowatukuza Yeye, na azilinde binti zetu popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.